Mgeni Rasmi Huingia Mwisho

"Maiti haiitikii shikamoo!"

Mzee Matimbwa alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa chake kimepita ukuta, kidole kimeelekezwa uani kwa jirani. "Usiniamkie, Gaudensia. Umeniua, halafu asubuhi unakuja na shikamoo? Wapi umeona?"

"Baba, mimi sikukuua. Nimekwambia mara ngapi? Ni ule mfumo wa zamani, walipouzima..."

"Mfumo una mikono? Mfumo unapanda basi? Huyo anayetoka hapa kila siku na kitambulisho shingoni, anakwenda ofisi ya mfumo, ni nani? Ni mbuzi?"

"Mwache mtoto wa watu aende kazini," alisema Bi Mwatumu, mke wa marehemu, akiwa anaanika kanga. "Yeye ndiye atakayekufufua."

"Aende! Lakini hapa kwangu hatii mguu. Si chai, si maji ya kunywa, si kuomba chumvi. Mpaka siku nitakayokuwa hai kwenye karatasi."

Akashuka kwenye ndoo kwa hasira, na ndoo ikamponyoka, na sisi majirani wa Mtaa wa Bomba Mbili tukasema "Pole, marehemu!" kwa pamoja. Tulikuwa tumetoka nje sote, wengine na mswaki mdomoni. Kwa mtu anayejiheshimu, ugomvi wa asubuhi hausikilizwi dirishani.

*

Inabidi nieleze alivyokufa, maana kuna watu wa mitaa mingine wanalitangaza jambo hili vibaya.

Nchi yetu, ambayo jina lake limezuiliwa kwa muda mpaka kamati imalize kulihakiki, ilikuwa inatumia kompyuta kama nchi nyingine. Kompyuta zile zilikuja na mfumo wa kuziendesha uliotengenezwa ugenini. Watu walizaliwa ndani yake, wakaoana ndani yake, wakafa kwa zamu. Hakuna aliyelalamika. Kisha siku moja kiongozi wetu, Mkuu Asiyechoka, alikaa mwenyewe mezani akataka kufuta kitu. Alibonyeza. Mashine ikamuuliza: *Una uhakika?*

Wanasema ofisi nzima ilisimama. Tangu aingie madarakani, miaka ishirini na sita, hakuna kiumbe aliyewahi kumuuliza Mkuu kama ana uhakika. Wanasema alizima taa ya meza, akawasha, akasoma tena. Bado ilikuwa inamuuliza.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba taifa litajijengea mfumo wake lenyewe, kuanzia mstari wa kwanza, kwa mikono yake, bila kuomba hata nukta kutoka nje. Walikusanywa mafundi kumi na wawili. Mmoja wao ndiye huyu jirani yetu Gaudensia, binti wa marehemu mwalimu Kaguo, mtu mpole, anayekula akiwa amesimama. Baada ya miaka miwili mafundi walikuwa wamebaki watatu, lakini Mfumo ulikuwa umekwisha, zimesalia hatua chache za mwisho kabla ya kuuwasha. Hapo serikali ikaona furaha haiwezi kungoja. Mfumo wa kigeni ukazimwa siku hiyo hiyo, kwa tarumbeta.

Kabla ya kuzimwa uliamriwa kuchapa majina ya raia wote: walio hai fungu hili, waliokufa fungu lile. Karani aliyekuwa akizibeba karatasi aliwahi keki ya sherehe. Ukurasa mmoja ukaingia fungu lisilo lake, wenye majina thelathini na nane. Kwa hesabu za taifa, hiyo ndiyo ajali kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea kwetu, na hakuna aliyepata hata mchubuko.

Mzee Sijaona Matimbwa, mstaafu wa reli, alikuwa jina la kumi na moja.

*

Tulicheka, sisemi uongo. Tulicheka siku nne nzima. Bi Mwatumu aliletewa maharage na mchele wa msiba, na Mzee akamsaidia kula. Mtendaji wa mtaa alikuja na daftari kuuliza kwa nini mjane yumo edani na analala nyumba moja na mwanaume.

"Huyu ni mume wangu," alisema Bi Mwatumu.

"Mumeo amefariki, mama, pole sana. Huyu mwanaume ni nani?"

"Ni huyo huyo aliyefariki."

Mtendaji aliandika: *Mjane amechanganyikiwa kwa majonzi.* Tukacheka zaidi.

Kicheko kiliisha siku ya tano, Mzee alipokwenda hospitali. Ana sukari, mwaka wa kumi na tano sasa, na anaishi kwa sindano, asubuhi na jioni. Dawa ile kwetu haiuzwi dukani. Hutolewa na serikali peke yake, bure, kwa ukarimu mkubwa, kwa kila raia aliye kwenye orodha.

"Shikamoo, marehemu," alisema kijana wa dirisha la dawa, baada ya kutazama karatasi yake. Alikuwa na adabu, lazima nimsifu. "Dawa ya walio hai siwezi kukupa. Nikikupa wewe, nimemnyima mtu mzima."

"Mimi nimekufa, nimepanga foleni tangu saa kumi na mbili?"

"Wengi wanapanga, babu. Nenda nyumbani. Mfumo mpya ukiwashwa wanabonyeza mara moja tu, unafufuka. Bado hatua chache."

Nyumbani alikuwa na chupa tatu, amezifunga kwenye kitambaa na kuziweka juu ya mtungi wa maji zipate ubaridi. Chupa moja, ukiibana sana, inafika siku kumi na mbili. Kuanzia siku hiyo sisi Bomba Mbili tuliacha kutumia kalenda. Mtu alikuuliza, "Tupo chupa ya ngapi?"

*

"Hatua zenyewe ni nne," Gaudensia alimweleza Mzee kwa juu ya ukuta. Kuamkiwa alikataa, lakini kueleza alimruhusu. "Naipa mashine jina. Naweka saa. Naweka nenosiri kuu, neno la siri la kufungulia kila kitu. Halafu naandika mstari mmoja unaosema kipi kitangulie kuwaka. Nazima, nawasha. Jina la kwanza kuingiza ni lako. Kazi ya asubuhi moja."

"Asubuhi ya nani?"

"Ya fundi."

"Na ya serikali?"

Gaudensia alitazama viatu vyake.

Ofisini alikuwa amepelekewa Bwana Ernesti Lukwembe, Mkuu wa Itifaki wa Taifa, mtu mwenye sauti ya kipaza sauti hata akiomba kijiti cha meno. Wizara ilimtuma kuangalia kwamba hatua za mwisho zinafanyika kwa heshima. Gaudensia anasema siku ya kwanza bwana huyo aliikuta mashine haijafunikwa kitambaa, akalia machozi.

Jina lilichukua siku tisa. Fundi alitaka jina fupi, lolote, hata "moja". Bwana Lukwembe alikuja na jina kamili la Mkuu Asiyechoka pamoja na vyeo, nishani, na mito aliyoivuka. Herufi mia mbili na kumi na nne. Mashine ikakubali sitini na nne na kunyamaza.

"Inamkatiza?" aliuliza Bwana Lukwembe.

"Haina nafasi zaidi, bwana."

"Umeijenga wewe, na hukuiachia nafasi ya Mkuu?"

Kikao kiliitwa. Mwishowe ikapitishwa kwamba mashine iitwe Mkuu, basi, na kile kiini chake, ile sehemu inayoendesha sehemu nyingine zote, nacho kiitwe Mkuu. Tulipiga vigelegele mtaani tuliposikia. Hatukujua kwamba kuanzia dakika ile mashine imetoka mikononi mwa mafundi, imeingia chini ya Idara ya Itifaki.

Saa ilikuwa rahisi. Gaudensia alitaka kuiweka sawa na saa ya dunia. Bwana Lukwembe alimuuliza: je, ikiwa Mkuu amepangiwa saa nne, naye akafika saa nane, mashine itaandikaje?

"Itaandika saa nane."

"Itaandika kwamba amechelewa."

"Itaandika saa tu, bwana."

"Mkuu hachelewi, dada. Wengine ndio huwahi." Saa ikawekwa isianze kuhesabu mpaka Mkuu afike.

Chupa ya kwanza iliisha hapo.

*

Hatua ya nenosiri nasimulia kwa kunong'ona.

Nenosiri kuu la taifa halingeweza kuwekwa na fundi. Siri ambayo mdogo anaijua na mkubwa haijui, hiyo kwetu ina kifungu chake cha sheria. Kwa hiyo Mkuu alikuja mwenyewe, watu wote wakageuzwa uso ukutani, naye akaandika. Walisikia vidole vikigonga taratibu, kama mtu anayetafuta herufi iliyohama. Akabonyeza. Mashine ikaandika: *Rudia.*

Kila mashine duniani hufanya hivyo. Inataka neno mara mbili, isije ikawa mkono uliteleza. Lakini nani amwambie Mkuu arudie? Gaudensia anasema walibaki wameutazama ukuta, rangi ya krimu, una ufa kama ramani, mpaka Mkuu mwenyewe akauliza kwa upole: "Inataka nini tena?"

Watu wakazidi kuukodolea ukuta. Mkuu akaondoka.

Bunge lilikutana kwa dharura, likapitisha kwamba Mkuu akisema mara moja imetosha. Gaudensia akaamriwa aiondolee mashine tabia ya kuuliza mara ya pili. Akaiondoa. Neno likapokelewa kama lilivyoandikwa, sawasawa au limeteleza, na hakuna aliyelijua isipokuwa Mkuu, na hakuna awezaye kumwomba alirudie.

"Kwa hiyo mlango una ufunguo mmoja," alisema Mzee Matimbwa juu ya ndoo yake.

"Mmoja, baba."

"Na mwenye nao haulizwi."

"Haulizwi."

Mzee alicheka kidogo. Alikuwa ameanza kukonda shingo. Bi Mwatumu alituambia sindano ya jioni anaigawa nusu, na anakunywa maji kama ng'ombe wa safari. Mtu wa mtaa wa pili, mwenye ugonjwa huo huo, alitaka kumpa chupa moja. Mtendaji akamwonya kwamba kumpa marehemu dawa ni kufuja mali ya umma.

*

Sasa hatua ya nne, iliyokuwa mstari mmoja.

"Nieleze mimi mtu wa reli," alisema Mzee.

"Mashine ikipata umeme, baba, haijui kitu. Kuna programu ndogo sana inaamka, kazi yake ni moja: kukiita kiini. Kiini kikishaingia, ndipo vingine vinafuata. Kibodi, kalenda, orodha za majina, kila kitu."

"Kiini ni injini."

"Ndiyo. Injini mbele, mabehewa nyuma."

"Hilo hata punda analielewa."

Bwana Lukwembe hakulielewa, au alilielewa zaidi yetu. Alisoma ule mstari, akavua miwani, akauliza hiki kinachotangulia kuingia kinaitwa nani.

"Mkuu," alisema Gaudensia.

"Na hawa wanaofuata?"

"Ni programu za kawaida, bwana. Ya kibodi, ya kalenda, ya kuchapa..."

"Kwa hiyo Mkuu ataingia ukumbini mtupu, asimame peke yake gizani, anamsubiri kibodi?"

Ndugu msomaji, wewe umekwenda kwenye mahafali, umekwenda kwenye uzinduzi wa choo cha shule. Unajua utaratibu. Watu wanafika saa mbili, wanaketi, ngoma zinapiga, wazee wanasinzia, na mgeni rasmi anaingia mwisho. Akishaingia yeye haingii mtu. Bwana Lukwembe alikuwa amesimamia utaratibu huo maisha yake yote na haukuwahi kumwangusha. Aliagiza mstari ugeuzwe: wote waingie, wote waketi, kisha Mkuu.

"Haitawaka," alisema Gaudensia.

"Dada, treni haijawahi kurudi kinyumenyume?"

Gaudensia alimletea Mzee maneno hayo. "Injini inaweza kusukuma kutoka nyuma," alisema Mzee. "Lakini iwe imekwisha washwa, binti. Umewaambia?"

"Nimeandika barua tatu."

"Wamejibu?"

"Wamesema barua zote zipitie kwenye Mfumo."

Chupa ya pili ilikuwa imeisha. Na mtendaji alikuwa amerudi na daftari lake, safari hii na tabasamu. Alikuwa ameona njia. Faili la marehemu, alisema, haliwezi kufunguliwa upya kama halijafungwa, na halifungwi bila arobaini kusomwa. "Someni arobaini, Mfumo ukiwaka tunafungua, mzee anafufuka bila kikwazo. Msiposoma, hata ukiwaka hatuna pa kushika."

Hesabu ya siku ikapigwa. Arobaini iliangukia siku ile ile ya uzinduzi. Tuliona ni dalili njema. Ukiwa umebanwa kiasi hicho, hata mkeka uliochanika unauona dalili njema.

*

Siku ya uzinduzi tulibebwa mtaa mzima mpaka Ukumbi wa Utii. Mzee hakubebwa, marehemu hawamo kwenye orodha ya wageni. Tulimwacha amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vyake vya reli, amebeba mfuko wa plastiki wenye kadi ya hospitali na chupa ya tatu, iliyokwisha asubuhi ile. Alikuwa tayari kwenda dirishani mara tu redio itakaposema. Bi Mwatumu na kina mama watatu walibaki na masufuria.

Skrini ya ukumbini ilikuwa kubwa kama ukuta wa bohari. Gaudensia alikaa mbele yake, mgongo umenyooka. Ilipotimu saa nne, Bwana Lukwembe alitoa ishara kwa kichwa, na Gaudensia akabonyeza.

Maandishi meupe yakatokea: WAGENI WOTE WAKETI. MKUU ATAINGIA.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kisha tukanyamaza tusubiri. Maandishi hayakubadilika. Watu waliokuwa wamesimama wakakaa, wakidhani wao ndio wanaosubiriwa. Hayakubadilika. Waliokaa wakasimama, kwa heshima. Hayakubadilika.

"Kuna nini?" Bwana Lukwembe alinong'ona. Alisahau kwamba kipaza sauti kiko kifuani mwake.

"Inasubiri programu ziketi," ilisikika sauti ya Gaudensia ukumbi mzima.

"Kwa nini haziketi?"

"Hakuna viti, bwana. Kiini ndicho kinacholeta viti."

"Basi kiingie kilete!"

"Hakiingii mpaka ziketi. Uliagiza wewe." Akavuta pumzi. "Ni mstari mmoja. Naugeuza sasa hivi, dakika mbili, inawaka. Ikishawashwa inajifunga, nahitaji nenosiri tu."

Ukumbi wenye watu elfu tatu, ungesikia mtu akijikuna. Hapo ndipo habari ilipotambaa kutoka safu za mbele mpaka kwetu nyuma, ikifika kila kiti imenenepa kidogo. Mkuu mwenyewe yuko nje, nyuma ya ukumbi, ndani ya gari. Itifaki inasema yeye ndiye wa mwisho kuingia, kwa hiyo anasubiri mashine iwake. Na mashine nayo ni Mkuu. Hakuna anayeweza kumtangulia mwenziwe wala kuingia baada yake. Nenosiri liko garini, kichwani mwa mtu mmoja, hatua arobaini kutoka kwenye kibodi.

Gaudensia alisimama. "Nitakwenda kumwomba mimi."

Alipiga hatua sita. Vijana wawili wenye suti walimrudisha kitini, bila nguvu, kama unavyomrudisha mtoto anayetambaa kuelekea jikoni. Tulimwona akisema nao. Tulimwona akiwaonyesha vidole viwili, dakika mbili. Kisha akaifumba mikono mapajani.

Saa saba gari liliondoka. Waziri wa Mashine na Maadili akapanda jukwaani, uso unang'aa jasho na ushindi. "Mifumo ya wenzetu," alisema, "ukibonyeza tu inaruka, sekunde kumi, kama watu wasiofunzwa kwao. Wa kwetu unasubiri! Umezaliwa leo na tayari una adabu!" Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, sitakudanganya, nilikuwa nimekaa karibu na suti. Akatangaza kwamba tangu dakika ile Mfumo umezinduliwa rasmi, ndio pekee wa nchi, na mwenye lalamiko lolote aliingize humo.

*

Tulirudi mtaani alasiri. Hakuna aliyeimba. Gaudensia alitembea nyuma yetu peke yake, kitambulisho bado shingoni.

Turubai lilikuwa limefungwa kutoka paa la Mzee Matimbwa mpaka ukuta wa Gaudensia, harufu ya pilau imekamata njia nzima. Dua ilikuwa imekwisha somwa, vizuri tu, kwa jina kamili la marehemu. Yeye mwenyewe aliitikia amina. Tuliotoka uzinduzini tuliingia mmoja mmoja, tukanawa, tukakaa mikekani, tukanyamazia sahani. Mtendaji alikuwa anaandika kwamba faili limefungwa.

Mzee alikuwa ameketi kizingitini na mfuko wake wa plastiki mapajani. Redio alikuwa ameisikiliza yote. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka pembeni.

Gaudensia alifika akasimama nje, kwenye jua, mahali anaposimama siku zote.

"Shikamoo, baba," alisema, bila kuinua uso.

Tuliacha kutafuna.

"Injini waliiweka wapi?" aliuliza Mzee.

"Nyuma."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu wa zamu aliyeambiwa treni haiji leo. Alitoa ile chupa mfukoni, akaitazama upande wa mwanga, akamkabidhi Bi Mwatumu, naye Bi Mwatumu akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha Mzee akashika mlango, akanyanyuka kwa shida, akasogea pembeni, njia ikabaki wazi.

"Marahaba," alisema. "Usisimame juani, mwanangu. Ingia ule. Wageni wote wameshaketi, umebaki wewe."